Shekina "Ililia" au "Alilia"? Ngeli, Tafsiri na Neno la Batini ya Kiyahudi

Mhakiki wa Kiswahili anayeingia katika fasihi ya Kiyahudi ya batini hachukui muda mrefu kabla ya kulazimika kuandika sentensi fupi inayohusu Shekina na kilio. Katika sentensi hiyo ana njia mbili tu. Ataandika "Shekina ililia" au ataandika "Shekina alilia." Wengi hawasimami kuchagua. Neno ni la kukopwa, halina kiambishi cha umoja kinachotambulikana, linaishia kwa irabu a. Basi hutiwa kapu moja na neema, baraka na sakina katika ngeli ya I-ZI, na msafara ukaendelea. Mimbarini husikika vivyo hivyo. Nchini Kenya, ambako makanisa, shule na hata maduka yamejitwalia jina hili, Shekina kwa msikilizaji wa kawaida ni kitu kishukacho, kijazacho ukumbi na kung'aa.

Inafaa isemwe wazi kwamba hili si kosa la mwandiko linaloweza kuachiwa mhariri. Aandikaye "ililia" amekwisha kuamua jambo ambalo Wayahudi wenyewe wamelizozania kwa zaidi ya karne saba, na ameliamua bila kujua kwamba kulikuwa na la kuamuliwa.

Nomino Shekina haimo katika Biblia ya Kiebrania. Kilichomo ni kitenzi shakan, yaani kukaa au kutua mahali, na nomino mishkan, jina la hema ambalo Waisraeli walilibeba jangwani. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili waliliita hema hilo maskani, na kwa kufanya hivyo walilirudisha neno kwa jamaa zake, kwani mishkan ya Kiebrania na maskani iliyoingia Kiswahili kwa njia ya Kiarabu zina mzizi mmoja wa konsonanti tatu. Shekina ilizaliwa baadaye, katika vinywa vya marabi na katika Targumu, yaani tafsiri za Kiaramu zilizosomwa katika masinagogi. Pale ambapo Kutoka 25:8 inasema kwamba Mungu atakaa kati ya watu wake, Targumu ya Onkelosi haisemi hivyo. Inasema atakalisha Shekina kati yao. Tayari mfasiri wa Kiswahili ameshikwa: ataikalisha au atamkalisha? Sababu ya mzunguko huo wa maneno inajulikana. Wafasiri wa Kiaramu waliona haya kusema kwamba Mungu, ambaye mbingu hazimtoshi, amekaa hemani kama mtu aliyepanga chumba.

Katika Mishna na Talmudi neno hili linapata damu. Watu wawili wakikaa wakazungumza maneno ya Torati, Shekina yupo kati yao. Mgonjwa akilala kitandani, Shekina yupo juu ya kichwa chake. Mtu akiteseka, hata awe mhalifu aliyehukumiwa kifo, Shekina hulalamika kwamba kichwa na mkono vimekuwa vizito. Na katika Megila ya Talmudi ya Babeli (29a) inaelezwa kwamba kila walikopelekwa uhamishoni Waisraeli, Misri hata Babeli, Shekina alihamishwa pamoja nao. Hata hivyo, hapa Shekina bado si mwingine ila Mungu mwenyewe, akitajwa kwa upande wa ukaribu wake. Gershom Scholem (1897–1982), ambaye ndiye aliyeifanya kabala kuwa uwanja wa utafiti wa chuo kikuu, alilisisitiza sana jambo hili. Kwa marabi wa Talmudi hapana Shekina anayesimama mbele ya Mungu akasema naye. Kisa cha namna hiyo kinaonekana katika midrashi ya baadaye juu ya Mithali, ambamo Shekina anasimama mbele ya Mtakatifu na kutoa kauli yake. Ni kisa kifupi, lakini mlango ulikuwa umefunguka.

Wapo wahakiki wanaoona kwamba haja ya mjadala huu ingekwisha iwapo tu neno sakina lingetumiwa mahali pa Shekina. Hoja yao inavutia, na sehemu yake ni ya kweli. Maneno haya mawili yana mzizi mmoja. Kurani, katika Sura ya pili aya ya 248, inaitaja sakina pamoja na lile sanduku la agano, jambo linaloonyesha kwamba undugu huo si wa konsonanti peke yake. Ignaz Goldziher alikwisha kulichunguza suala hili mwishoni mwa karne ya 19. Fauka ya hayo, sakina ni neno la Kiswahili, tena neno zuri. Watoto wa kike wa Pwani wamepewa jina hilo vizazi na vizazi. Kwa nini basi mhakiki atoke nje kuazima ilhali mali imo nyumbani?

Jawabu ni kwamba usuli wa neno si maana yake. Katika Sura ya 48 aya ya 4 sakina inateremshwa ndani ya nyoyo za waumini, na matumizi ya Kiswahili yameufuata mkondo huo: sakina ni utulivu, ni moyo uliotua. Shekina wa wakabala ametua wapi? Amefukuzwa nyumbani. Hana utulivu yeye mwenyewe, seuze wa kumpa mwingine. Na anapokuwa chini ya nguvu za hukumu, kama yanavyosimulia maandishi ya Zohar, huwa ni wa kutisha, mkono wa adhabu. Kumwita sakina ni kumfuta machozi kabla hajalia.

Upenzi huu wa mizizi ya maneno umekuwa maradhi katika uhakiki wa Kiswahili, na mfano huu unafaa kuonyesha hatari yake. Neno kabala lina mzizi mmoja na kubali. Kabala ni kile kilichopokewa kutoka kwa waliotangulia. Mzizi huohuo, kwa njia ya Kiarabu, umezaa kabla, kibla, mkabala na kabila. Hakuna bado aliyedai kwamba kabila ni tawi la kabala, ingawa kwa mantiki ya wapenda mizizi siku hiyo haiko mbali. Zohar inamwita Shekina maskini, asiye na kitu chake mwenyewe ila apewacho, na hapo mpenda mizizi ataruka kwa furaha: maskini, maskani, Shekina! Lakini maskini ni neno lililosafiri kutoka Kiakadi kupitia Kiaramu hadi Kiarabu, nalo halikuzaliwa na shakan. Sefira, jina la kila moja ya nguvu kumi za uungu ambazo wakabala wanazieleza, halihusiani na sifuri hata kidogo. La kwanza linatokana na kuhesabu, la pili na utupu, na Kiarabu huyatenga kwa herufi mbili tofauti ambazo masikio ya Kiswahili yameziunganisha kuwa s moja. Sauti zinaweza kufanana kama mapacha huku wazazi wakiwa hawajuani.

Basi neno libaki Shekina. Lakini kulibakiza hakujalitafutia ngeli, na hapo ndipo historia yake inapohitajiwa.

Katika karne ya 10 Saadia Gaon, aliyefariki mwaka 942, aliandika kwa Kiarabu kitabu chake kuhusu itikadi na rai. Alikuwa na tatizo ambalo mwanatheolojia yeyote wa tauhidi angekuwa nalo. Manabii wanasema wamemwona Mungu ameketi, na Mungu hana umbo. Suluhisho lake ni kwamba walichokiona manabii ni nuru iliyoumbwa, utukufu ulioumbwa ili mteule apate uthibitisho kwamba anayesema naye ni Mungu kweli; na nuru hiyo ndiyo ambayo wahenga waliiita Shekina. Maimonides, aliyefariki Misri mwaka 1204, alifuata njia hiyohiyo katika mwongozo aliowaandikia waliotatizika, naye akaongeza kwamba mahali pengine neno hilo lina maana ya uangalizi wa Mungu kwa viumbe. Kwa wanafalsafa hawa wawili Shekina ni kiumbe, tena kiumbe kisicho na nafsi. Ni nuru. Kiswahili chao, kama wangekuwa nacho, kingekuwa "Shekina ilishuka" pasi na shaka.

Yaani mhakiki anayeandika "ilishuka" bila kufikiri hajasimama katikati. Ameketi barazani pamoja na Saadia na Maimonides. Hakuna ubaya kuketi hapo. Ni baraza la watu wakubwa. Ubaya ni kuketi hapo huku akidai anafasiri Zohar.

Kwani wakabala walikwenda upande mwingine kabisa. Kitabu cha Bahir, kilichojitokeza Provence mwishoni mwa karne ya 12, kimejaa mifano ya mfalme na binti yake: binti aliyetolewa kama zawadi, binti aliyefichwa, binti ambaye baba yake hawezi kukaa bila kumwona. Karne moja baadaye, huko Kastilia, katika mduara ambao jina la Moses de León (aliyefariki mwaka 1305) ndilo linalojulikana zaidi, ikaandikwa Zohar, kwa Kiaramu, na kunasibishwa na Rabi Shimon bar Yohai wa karne ya pili. Humo Shekina ndiye sefira ya kumi na ya mwisho, anayeitwa pia Malkuti, yaani ufalme. Ni mwezi usio na nuru yake mwenyewe. Ni bahari inayopokea mito yote. Ni binti, ni bibi arusi, ni mama wa Israeli wa hapa chini, ni malkia. Na neno wanalolipenda zaidi waandishi hao kwa malkia huyo, matronita, wamelichota kutoka Kilatini cha Warumi, kana kwamba Kiebrania na Kiaramu havikuwatosha.

Jambo kubwa zaidi ni lile walilolifanya na uhamisho. Talmudi ilikuwa imesema kwamba Shekina huenda uhamishoni pamoja na Waisraeli, na kwa marabi hiyo ilikuwa faraja: Mungu hawaachi watu wake. Wakabala waliisoma kauli hiyohiyo wakaona msiba. Iwapo Shekina ni nguvu mojawapo ndani ya uungu, tena ni mke na binti, basi akihamishwa, uungu wenyewe umetengana. Mume yuko huku na mke yuko kule. Uhamisho ukaacha kuwa habari ya Wayahudi na Warumi ukawa habari ya Mungu na nafsi yake. Na mwanadamu, kwa sala na kwa matendo, akapewa kazi ambayo hakuna mwanafalsafa angethubutu kumpa: kuwapatanisha.

Baada ya Wayahudi kufukuzwa Uhispania mwaka 1492, mafundisho haya yalipata wasikilizaji wenye vidonda vibichi. Solomon Alkabetz ameacha barua inayosimulia jinsi, usiku wa sikukuu ya Shavuoti, kabla hawajahamia Safed, sauti ilivyotoka kinywani mwa Yosef Karo, mwanasheria mkuu wa Kiyahudi wa zama zake, ikijitaja kama mwanamke aliyeangushwa mavumbini, taji limemtoka kichwani, hana wa kumfariji. Huko Safed, katika mji wa Isaka Luria (1534–1572), kulikuwa na desturi ya kuamka usiku wa manane na kuketi chini kuomboleza pamoja na Raheli, mama anayewalilia wanawe, ambaye kwa wakabala ni Shekina mwenyewe. Hekaya za mji huo zinamtaja Abraham ha-Levi Berukhim, ambaye Luria alimtuma Yerusalemu akasali kwenye Ukuta wa Magharibi. Alipofika huko akamwona Shekina, mwanamke aliyevaa nguo nyeusi, akilia.

Sasa na ijaribiwe ile sentensi. "Aliiona Shekina, mwanamke aliyevaa nguo nyeusi, ikilia." Msomaji yeyote aliyenyonya Kiswahili atasita hapo. Sentensi imegongana yenyewe kwa yenyewe. Na mgongano huo si wa kisarufi peke yake. Ni Maimonides na Luria wamekutana katika kifungu kimoja, na hakuna aliyewaalika pamoja.

Itadaiwa kwamba sarufi hairuhusu, kwamba neno la I-ZI haliwezi kuhamishwa kwa sababu ya theolojia ya watu wa mbali. Dai hili halina mashiko. Kiswahili kimekuwa kikifanya hivyo tangu zamani. Simba, ndege, nyuki, wote wana umbo la I-ZI na wote wanachukua upatanisho wa A-WA kwa kuwa wana uhai. Malaika alishuka, hakuna aliyewahi kusema malaika ilishuka. Lakini ithibati iliyo karibu zaidi ni roho. Roho ya mtu inauma, inatoka, inatulia. Roho Mtakatifu anashuka, anasema, anahuzunika. Tena hata kivumishi kimeitikia, kwani si Roho Takatifu bali ni Roho Mtakatifu. Vilevile watafsiri wa Injili ya Yohana walipofika kwenye Neno waliliacha li- na kushika a-, wakamwandika Neno kama nafsi. Walijua wanachokifanya. Walikuwa wanafasiri imani inayosema kwamba Roho ni nafsi na Neno ni nafsi, na waliona kwamba katika Kiswahili mahali pa kulisema hilo ni katika upatanisho. Kile walichokifanya kwa ajili ya imani yao, mhakiki anapaswa kukifanya kwa ajili ya matini ya wengine. Kwa nini Roho wa Wakristo apewe uhai na Shekina wa Wayahudi abaki mvuke?

Kuna pingamizi nyingine iliyo nzito kidogo. Inasemwa kwamba Kiswahili kinaweza kuhuisha kitu bila kukihamisha ngeli. Dunia imemhadaa fulani. Mauti yamebisha hodi. Njaa imeingia nyumbani na kuketi. Kila mara kitu kimepewa tendo la mtu, na ngeli imebaki palepale. Kwa hiyo, wanasema, "Shekina ililia" inaweza kuwa tashihisi ya kawaida. Hoja hii ni nzuri, na kwa sababu hiyohiyo inajimaliza. Tashihisi inafanya kazi kwa kuwa msikilizaji anajua kwamba dunia si mtu. Upatanisho wa I-ZI ndio unaomkumbusha. Anayesema "dunia imemhadaa" anakonyeza jicho. Zohar haikonyezi. Waliokuwa wakiamka usiku wa manane Safed hawakuwa wakiililia tamathali ya usemi. Kuwafasiri kwa "ililia" ni kuwaambia wasomaji kwamba watu hao walikuwa wakicheza na lugha.

Wengine watahofia kwamba "alilia" itawaingiza wakabala katika shirki, kwamba patakuwa na miungu wawili. Hofu hii ina heshima yake, na ni ya zamani kuliko uhakiki wa Kiswahili. Abraham Abulafia, mkabala wa karne ya 13 aliyefuata njia tofauti, aliwakejeli wenzake wa sefiroti akisema kwamba Wakristo wana watatu ilhali hawa wana kumi. Karne ya 18, Rabi Ezekiel Landau wa Prague alikataa kata kata desturi ya kutamka, kabla ya kila tendo la ibada, kwamba tendo hilo linafanywa kwa ajili ya kumuunganisha Mtakatifu na Shekina yake. Kwa Landau maneno hayo yalikuwa ya hatari mdomoni mwa mtu wa kawaida. Lakini ni lazima kazi mbili zitengwe hapa. Landau alikuwa mlinzi wa imani ya watu wake; alikuwa na haki ya kukataza. Mhakiki si mlinzi wa mlango wa sinagogi. Akiyalainisha maandishi ili yasimtie mtu wasiwasi, atakuwa amemnyima msomaji hata uwezo wa kuelewa Landau alikuwa akikasirikia nini.

Hapa imejitokeza, karibu kwa bahati, nukta ambayo Kiswahili kinaieleza vizuri kuliko lugha nyingi: Mtakatifu na Shekina yake. Ni yake, si wake? Ngeli ya A-WA ingedai wake, kama simba wake na mwalimu wake. Lakini kuna kundi la majina ambayo Kiswahili kimeyapa sheria ya pekee, nayo ni majina ya jamaa. Mama yake alilia. Dada yake alihama. Binti yake alirudi. Umilikaji unafuata I-ZI na kitenzi kinafuata A-WA. Jamaa wa damu anatamkwa nusu kama kitu cha mtu na nusu kama mtu kamili, na hakuna Mswahili anayeona ajabu. "Mtakatifu na Shekina yake" ni kifungu kisichosema lolote mpaka kitenzi kije. Kikija "ilihamishwa," Shekina ni kitu chake, nuru yake, utukufu wake. Kikija "alihamishwa," Shekina ni jamaa yake. Mkabala wa Kastilia angetoa nini apate sarufi ya namna hii! Yeye ilimbidi ajaze kurasa kwa mifano ya wafalme na mabinti ili aseme kile ambacho Kiswahili kinakisema kwa yake na a-.

Hilo linajibu pia malalamiko ya wale wanaosema kwamba Kiswahili hakiwezi kumfasiri Shekina kwa kuwa hakina jinsia ya kisarufi. Kiebrania, wanasema, kina kitenzi cha kike na kitenzi cha kiume. Kiswahili kina a- tu, na katika a- uke wote unayeyuka. Kwa sababu hiyo baadhi yao huongeza "wa kike" kila mahali, Shekina wa kike, na wengine wamethubutu "Mungu jike," istilahi inayomtia malkia wa mbinguni zizini. Wamesahau kwamba katika Kiebrania uke wa kisarufi ni kitu cha bei rahisi. Meza haikosi jinsia katika lugha hiyo, wala mji, wala jiwe. Marabi wa Talmudi waliitumia nomino hiihii ya kike kwa karne nyingi bila kumwona mwanamke yeyote ndani yake. Mwanamke aliingia siku ambayo Bahir ilisema binti, na Zohar ikasema mama na bibi arusi. Hayo ni maneno ya ujamaa, na kwa maneno ya ujamaa Kiswahili hakihitaji kuazima kwa jirani.

Kwamba mwanamke huyo alitoka wapi ni mjadala mwingine. Raphael Patai, katika kitabu cha mwaka 1967, alimfuatilia hadi kwa miungu wa kike wa Kanaani. Peter Schäfer na Arthur Green, wote mwaka 2002, walielekeza macho kwenye ibada ya Bikira Maria iliyostawi Ulaya ya karne ya 12, wakati uleule wa Bahir. Jambo moja tu litajwe, kwa kuwa linawahusu wanaomchukua Shekina leo kama bendera ya wanawake. Waliomwandika walikuwa wanaume, wakiandikiana wao kwa wao, na uke waliomvika ni uke wa kupokea, wa kungojea, wa mwezi usio na nuru. Elliot Wolfson amekwenda mbali zaidi na kudai kwamba katika Zohar mwanamke huishia kumezwa na mwanamume. Anayetaka kulitumia jina hili kwa ukombozi anaweza, lakini ajue kwamba analigeuza.

Mizani ya mwisho ni ushairi. Hayim Nahman Bialik (1873–1934), mshairi mkuu wa Kiebrania cha kisasa, alichapisha mwaka 1902 shairi ambalo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Peke Yangu." Vijana wote wamechukuliwa na upepo na nuru ya ulimwengu mpya, amebaki mmoja katika chumba cha kusomea Torati, na pamoja naye Shekina, ambaye bawa lake limevunjika na linatetemeka juu ya kichwa cha kijana huyo. Anamwogopea mwanawe wa mwisho. Anataka kumfunika, na bawa halifuniki. Miaka miwili baadaye, katika utenzi aliouandika kufuatia mauaji ya Kishinev ya mwaka 1903, Bialik alimweka Shekina mmoja mweusi, amechoka kwa majonzi, miongoni mwa mahali pale palipochinjwa watu.

Bialik hakuwa mkabala. Imani ya baba zake ilikuwa imemtoka, au ilikuwa ikimtoka, na hilo ndilo shairi lenyewe. Lakini ameichukua Shekina ya wanafalsafa? Nuru haivunjiki bawa. Mfasiri atakayeandika "Shekina iliyovunjika bawa" atakuwa amepata picha ya sanamu iliyoanguka kutoka ukutani, na kijana aliye chini yake atakuwa anasikitikia mapambo. Akiandika "Shekina aliyevunjika bawa," msomaji wa Kiswahili atamwona mara moja ndege, kisha mama, kwa kuwa ndege na mama katika lugha hii vilevile wanachukua a-, na hatahitaji tanbihi. Kijana anayemwacha mama wa namna hiyo anajua anachokiacha. Shairi zima liko hapo, kati ya i- na a-.

Isidhaniwe kwamba sheria ni moja kwa kila matini. Anayefasiri Saadia na aandike ilishuka, kwani ndivyo Saadia alivyoamini. Anayefasiri Talmudi aandike a-, kwa sababu anayetajwa ni Mungu na Mungu hana ngeli nyingine, ila ajihadhari asimtenge. Anayenukuu mhubiri wa leo amwache na i- yake. Kwa wakabala na kwa washairi waliorithi kwao, ni a- na yake. Na mhakiki anayeshughulika na matini zaidi ya moja hatakuwa na budi kubadilisha upatanisho katikati ya makala yake, na kumweleza msomaji kwa nini amebadilisha, hata kama mhariri atapiga mistari mekundu.

Limebaki tatizo moja ambalo halina mtangulizi katika sarufi. Zohar inamjua Shekina wa chini, ambaye ni Malkuti, na vilevile Shekina wa juu, ambaye ni Bina, mama aliyemzaa huyo wa chini. Wapo wawili. Je, ni Shekina mbili, kama taa mbili, au Shekina wawili, kama simba wawili? Ikifuatwa njia ya jamaa, itakuwa ni kama dada zake wawili na mama zake wawili: Shekina zake wawili. Kifungu hicho kinakwaruza sikio, lakini hakikwaruzi zaidi ya lile fundisho lenyewe lilivyomkwaruza Abulafia.